Kinachoshikilia

Jumatano moja jioni nilikuwa nimelala chali chini ya gari langu, uani kwetu Kimara, nikitukana kipande cha chuma. Nilikitukana kwa sauti, kama mtu anayegombana na mtu. Mtoto wa mpangaji mwenzangu alikuja, akainama, akanichungulia na kuniuliza, "Anko, unaongea na nani?" Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye usiku ule, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lililofika nchini likiwa limeshatumika sana kwa wenyewe. Kwa miezi miwili, kila nilipokata kona kwenda kulia, gurudumu la mbele la kushoto lililia kwa-kwa-kwa, kama mtu anayevunja karanga. Fundi wa gereji alichungulia mara moja tu. "Mpira umechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia kwenye jointi. Badilisha shafti nzima." Shafti ndiyo ekseli ya mbele: fimbo ya chuma inayotoka kwenye gia boksi na kulizungusha gurudumu. Nilinunua ya mtumba Gerezani. Fundi aliponitajia hela yake ya kuifunga, nikajisemea moyoni: nina jeki, nina spana, nina simu iliyojaa video za watu wanaoifanya kazi hii kwa dakika ishirini. Nitafunga mwenyewe.

Nilikuwa na haraka pia. Jumamosi nilitakiwa kwenda kumchukua mama.

Mama yangu anaishi peke yake kijijini, nje kidogo ya jiji la Dodoma, tangu baba afariki miaka sita iliyopita. Mwezi wa tatu alianguka uani usiku akienda chooni. Alilala pale pale hadi alfajiri, mtoto wa jirani alipokuja kuazima ndoo. Hakuvunjika, ila presha ilikuwa juu, na sisi watoto wake wanne, tuliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, tuliogopa. Tuliogopa kuliko alivyoogopa yeye. Kwenye kundi letu la WhatsApp tukaamua ahamie kwangu. Tulimwambia mara tatu, akakataa mara tatu, bila kutoa sababu ambayo sisi tuliiona ni sababu. "Niko kwangu," ndilo lilikuwa neno lake. Ndipo kaka mkubwa akaandika: "Ukifika usimwulize. Pakia vitu. Mengine tutaongea akiwa Dar." Wote tukaweka alama ya dole gumba. Na mimi niliweka.

Kazi ilianza vizuri. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu, inayotaka spana namba 30, niliilegeza gari likiwa bado limekanyaga chini, kwa sababu likishanyanyuliwa gurudumu huzunguka pamoja nawe. Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikanyanyua kwa jeki, nikaweka stendi, maana hakuna mwenye akili anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nikamwaga oili ya gia boksi kwenye beseni. Nikafungua boli jointi ya chini, nikaivuta hab pembeni, nikaigonga ncha ya shafti kwa kipande cha mbao ili nisiharibu nyuzi zake, na upande wa nje ukatoka. Ilikuwa saa kumi jioni. Nilipiga picha, nikamtumia kaka.

Upande wa ndani haukutoka.

Nilivuta kwa mikono. Nilivuta nimekanyaga bodi kwa miguu yote miwili. Nilichomeka mtarimbo kati ya jointi na gia boksi nikauegemea kwa uzito wangu wote, mpaka nilipoona mkwaruzo mweupe kwenye ukingo wa gia boksi. Gia boksi ni ya aluminiamu. Ikipasuka, gari limekwisha. Nikauacha mtarimbo. Mwishowe nikafunga kamba kwenye ncha ya nje ya shafti, nikamwita mpangaji mwenzangu, tukahesabu moja, mbili, tatu.

Ikatoka! Tulianguka wote wawili, tukacheka. Kisha nikatazama nilichoshika. Ilikuwa ni fimbo tu, na kwenye ncha yake vigurudumu vitatu vidogo vinavyochuruzika grisi. Kikombe chenyewe, kile kipande kinachoingia ndani ya gia boksi, kilikuwa bado mahali pake, hakijasogea hata unywele. Tulikuwa tumeichomoa jointi kati ya kimoja na kingine.

Kamba hukatikia pabovu. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi kama swali la mtihani. Sasa nilikuwa nimeishika mkononi. Nguvu zetu zote hazikufika tulikozituma. Zilipita kwenye fimbo, zikatafuta palipolegea, zikapaachanisha.

Baada ya swala ya isha alikuja mzee jirani yetu, dereva mstaafu wa malori, na tochi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, umefanya nini hapa?"

Nilimweleza. Hakuinama kutazama chini ya gari. Aliichukua ile shafti ya mtumba niliyoiegemeza ukutani, akaifuta ncha yake kwa kitambaa, akamulika. "Hiki unakifahamu?"

Kilikuwa ni kipete cha waya, chembamba kama njiti ya kiberiti, kimekaa kwenye mfereji uliozunguka ncha ya shafti. Hakikuwa kimeungana, kilikuwa na mwanya. Mzee alikibonya kwa kidole, kikajikunja na kuwa kidogo. Alipokiachia, kikatanuka tena. Unapoisukuma shafti ndani, alisema, kipete hujibana, kikapita kwenye tundu la gia, na kikishafika upande wa pili kinafunguka. Hapo kimeshika. "Wewe unavuta huku nje," akasema, "na mwenyewe amekaa kule ndani. Hujamfikia."

Nilimwuliza kwa nini walioliunda gari waliweka kitu cha kusumbua watu namna hii. Akacheka. "Hakikuwekwa kwa ajili yako wewe unayetoa. Kiliwekwa kwa ajili ya anayeendesha."

Halafu akaniambia niweke gia nyutro, ili kikombe kiweze kuzungushwa. Akachukua mtarimbo wangu upande mmoja na bisibisi yake kubwa upande wa pili, akaweka vipande vya mbao visiumize gia boksi. "Usiegemee. Ukiegemea upande mmoja, kinang'ata upande huo. Gonga kwa mkato, pande mbili, kwa pamoja, karibu na shina." Tuligonga. Kimya. Akazungusha kikombe robo duara ili mwanya wa kipete ukae kwingine. Tukagonga. Kimya. Akazungusha tena. Mara ya tatu tukasikia *tak*, na kikombe kikasogea nje upana wa kidole. Alikivuta kwa mikono miwili, amekinyoosha sawasawa, ili meno yake yasiikate sili ya oili. Tulikuwa hatujamaliza dakika kumi.

Ningeweza kuishia hapa na kusema kwamba akili hushinda nguvu. Lakini sicho kilichoninyima usingizi usiku ule. Kilichoninyima usingizi ni ile sentensi ya mzee, na ujumbe wa kaka.

Miaka yote niliyolimiliki gari hilo, kwenye mashimo ya barabara za mtaani, kwenye milima, usiku tulipomkimbiza baba hospitali, kile kipete kilikuwa kimeshika. Kisingeshika, shafti ingejisogeza nje kidogo kidogo kwa kila shimo, oili ingemwagika, na gurudumu lingeacha kuvutwa tukiwa njiani. Kilikuwa kinafanya Jumatano ile kazi ile ile kiliyoifanya siku zote. Mimi ndiye niliyebadilika: juzi nilitaka kishike, leo nilitaka kiachie. Na kwa sababu nilitaka kiachie, nilikipa jina la ukaidi.

Hapo nikajua nilikuwa naongea na nani chini ya gari.

Nikaanza kuhesabu jinsi tulivyokuwa tunamvuta mama. Tulimvuta kwa wajukuu: wanakulilia, bibi haji. Tulimvuta kwa dawa: huku kuna hospitali kubwa, wewe unang'ang'ania zahanati. Dada alipendekeza tupunguze hela tunazomtumia, "aone mwenyewe". Wajukuu, dawa, hela: hivyo ndivyo viungo vinavyomuunga mama na sisi. Kama tungeendelea kuvuta, kingeachana kiungo, na yeye angebaki pale pale.

Lakini sikutaka kujidanganya kwa upande wa pili. Shafti ile ilipaswa kutoka. Kipete kilikuwa sahihi kushika, na bado ilibidi kiachishwe, kwa sababu jointi ilikuwa imekufa. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa kitu ambacho kimeshakwisha, na uaminifu wake ukamuua. Mama anaweza kuanguka tena, na mtoto wa jirani asihitaji ndoo siku hiyo. Swali si kama anashika kwa sababu njema. Swali ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba sasa inatosha.

John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, alilijadili swali hili kwenye kitabu chake kuhusu uhuru kilichotoka mwaka 1859. Alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hakuna muda wa kumwonya, alisema, unaweza kumkamata na kumrudisha, na hutakuwa umemnyang'anya uhuru wake, kwa maana hakukusudia kutumbukia mtoni. Lakini kama ni hatari tu, si hakika ya kuangamia, na mtu huyo ni mzima wa akili, basi kazi yako ni kumwonya. Akishajua, kuvuka au kutovuka ni juu yake.

Nilimtumia kaka mfano huo. Akajibu upesi, na jibu lake halikuwa la kijinga. Alisema mtu wa Mill hana ndugu. Akitumbukia, ametumbukia peke yake. Mama akitumbukia tunatumbukia sote: sisi ndio tutakaosafiri usiku, tutakaouguza, tutakaozika, na tutakaoulizwa na watu wa kijijini tulikuwa wapi. Kwetu hakuna mtu ambaye maisha yake ni yake peke yake.

Nililala nalo jibu hilo. Ni kweli, mtu ni watu. Kwa hiyo tuna haki ya kusema, ya kubishana naye, ya kumlilia, ya kumwambia waziwazi kwamba tunaogopa. Lakini kama maisha ya mama ni yetu sote, basi na yeye yumo kwenye hao "sisi sote". Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuwemo.

Alhamisi nilifunga shafti mpya. Mzee alisimama mlangoni akinielekeza: kipete kipya, si cha zamani, kipake grisi kidogo kikae katikati, sukuma kwa mkato mmoja. Nikasikia kile kilio kidogo cha kufunguka ndani. "Sasa ivute," akasema. Nilivuta. Haikuja. "Vizuri," akasema, nami nikajikuta nimefurahi kwa jambo lile lile nililolitukana jana yake.

Jumamosi nilifika kijijini alasiri. Gari halikulia hata kwenye kona moja. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anapeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na magunia ya kupakilia?"

Alikuwa anajua. Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikamwuliza swali ambalo kati yetu wanne hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa sababu sote tulikuwa tunamwuliza lini: "Mama, ni nini kinakushika hapa?"

Alipeta kidogo kabla ya kujibu. Kisha akanisimulia mwaka 1971, Operesheni Dodoma ilipofika kwao. Alikuwa na miaka 13. Walikaa mbali na watu, kwenye tembe la udongo, na ng'ombe wachache. Walioleta habari ya kuhamia kijijini walisema kutakuwa na shule, zahanati na maji. Bibi yangu hakugombana nao. Alisema tu, "Niko kwangu." Siku ya siku lori likaja.

"Hawakuwa watu wabaya," mama akasema. "Na hawakudanganya. Shule ilikuwepo. Mimi nilisoma pale. Bila ile shule nisingekuwa mwalimu, wala nisingekutana na baba yenu. Lakini tembe letu walilitoa paa ili tusirudi. Na nyuma ya tembe alizikwa mdogo wangu, wa mwisho. Bibi yako alikuwa anatoka alfajiri, anatembea kwenda kufagia pale, anarudi jioni. Alifanya hivyo mpaka miguu ikamkatalia. Hakuna aliyemwuliza, mwanangu. Wangemwuliza, huenda angehama mwenyewe. Angeomba siku mbili tu za kuaga."

Kisha akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, liliko kaburi la baba. Hakusema zaidi.

Habari ya vijiji tuliisoma sote shuleni. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1960, alisisitiza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri, ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Nia haikubadilika kati ya maneno hayo mawili. Ilikuwa njema mwanzo na njema mwisho. Kilichobadilika ni mpangilio: kwanza pakia, mengine tutaongea. Kaka yangu hajawahi kuwa mtawala wa nchi, lakini sentensi ile ile ilimjia kidoleni bila shida, na mimi nikaitilia dole gumba.

Najua linalonirudia. Mimi ni tunda la shule ile. Nimesoma kwa sababu mama alisoma, na mama alisoma kwa sababu lori lilikuja. Nani kanituma kulihukumu lori? Lakini kazi yangu ni uhasibu, na uhasibu umenifundisha angalau hili: faida iliyoingia kwenye akaunti ya mmoja haifuti deni analodaiwa mwingine. Shule alipewa mama. Deni lilikuwa la bibi. Mema yaliyomfuata binti hayakumfikia mama mtu alfajiri zile akiwa njiani na ufagio.

Jioni ile nikiwa bado kwenye mkeka, lilinijia jambo ambalo naona aibu kuliandika. Sasa nilijua kipete kilipo. Ningeweza kusema, kwa sauti ya upole, "Baba mwenyewe angetaka uende ukatibiwe." Ningeweza kusema tutalihamisha kaburi. Ningegonga pande mbili kwa pamoja, karibu na shina, na nadhani ningesikia *tak*. Yale yote aliyonifundisha mzee yalikuwa yamekaa tayari mkononi.

Hapo ndipo mfano wangu wa gari ulipofika mwisho. Kwa chuma, kujua kinaposhika kunatosha, ukishajua, gonga. Kipete hakiwezi kuulizwa, wala hakidhuriki kwa kutoulizwa. Kwa mtu, kujua anaposhikwa kunakupa uwezo tu, na uwezo huo ni wa hatari kuliko kamba yetu ya Jumatano. Kamba hushindwa mbele ya watu wote. Anayejua pa kugonga hashindwi, na anayegongwa huenda asijue kamwe kwamba hakuhama mwenyewe.

Nikanyamaza. Baadaye nikamwambia tu ukweli: kwamba tunaogopa, kwamba mimi huota ameanguka. Aliacha kupeta. Alisema hakujua kama tunaogopa. Alidhani tunaona aibu. Tukazungumza mpaka taa ikawashwa. Akasema atakuja Dar baada ya mavuno, wiki tatu, apimwe presha na awaone wajukuu, halafu arudi. Akakubali binti wa binamu yangu aje kulala naye. Akakubali taa uani. Kuhama hakukubali.

Nilirudi Jumapili na gari tupu, ukiacha debe la mtama. Kaka aliandika mstari mmoja: "Akianguka tena, itakuwa juu yako."

Nimeutafutia mstari huo jibu, sijalipata. Inawezekana ana haki. Inawezekana ikafika siku nikamwona mama darajani, muda wa kumwonya umekwisha, na nikajilaumu kwamba nilikuwa na gari zima, na magunia, na sikupakia. Kumwuliza mtu hakumkingi asianguke. Niliandika tu: "Ndiyo, itakuwa juu yangu." Na tangu usiku huo nalala na simu karibu na mto, sauti nimeifungua yote.